Siku Saba za Ubaoni

Mimi ni mtu wa pini. Watu wakimuuliza mke wangu mwanamume mzima wa miaka hamsini na mbili, mwenye stashahada ya uhazili, anafanya nini pale jengo la mkoa, hujibu kwa neno moja: "Anabandika." Na ni kweli. Kila zabuni ya mkoa wetu, iwe ya kokoto au ya dawa za minyoo, lazima tangazo lake likae kwenye ubao wa mbele siku saba mfululizo, mahali pa kuonekana na kila mtu. Mimi nalibandika, pini nne, moja kila pembe. Halafu natia saini hati ya kuthibitisha kwamba limekaa siku saba na limeonekana siku saba.

Nikiri mapema, maana nisipokiri sasa mtanishika baadaye: hati hiyo huwa naisaini siku ileile ya kwanza. Siyo mimi tu. Marehemu Nong Dadoy aliyenifundisha kazi alifanya hivyo, na aliyemfundisha yeye alifanya hivyo. Ubao hauna miguu, utakwenda wapi? Miaka ishirini na mbili hakuna aliyeuliza.

Aliyekuja kuuliza ni Atorni Lagumbay, wakili wa kampuni ya unga.

Mnahitaji kuujua huo unga. Ni jiwe jeupe lililosagwa likawa laini kama wanga. Kampuni ilitaka kuumwaga ghubani kwetu kwa meli, tani kwa tani, ili maji yapungue ukali na bahari ifyonze hewa ya ukaa, ule moshi unaoipasha dunia joto. Kila moshi unaomezwa na bahari, wao wanauza stakabadhi yake kwa matajiri wa ng'ambo wanaotaka kuonekana wasafi. Mama mmoja wa sokoni alisimama mkutanoni akauliza, "Yaani mnaipa bahari dawa ya kiungulia?" Mtaalamu wa kampuni akafurahi kweli. "Hasa, Nanay! Umeelewa kuliko madiwani!" Madiwani walikuwa wamekaa pale mbele, wakacheka kwa kuchelewa kidogo.

Inawezekana ni dawa nzuri. Sijawahi kusema ni sumu. Shida ni kwamba hapakuwa na sheria. Tulichokuwa nacho ni amri ya mkoa ya kuzuia utupaji takataka baharini, inayotaja maganda ya nazi, mizoga na matairi. Unga haumo.

Mkuu wa ofisi ya mazingira, Mam Hermelinda Petalcorin, ndiye aliyepiga kelele. Ni mwanamke mwembamba anayekula wima, hajawahi kumaliza sahani ya wali akiwa amekaa. Alihangaika na madiwani miezi mitano mpaka wakakubali hivi: ombi la kampuni lisimame hadi Ijumaa ya mwisho ya Novemba, saa kumi na moja jioni. Kabla ya saa hiyo mkoa uwe umesaini mkataba na wataalamu wa kuchunguza nani anatakiwa kutoa kibali cha jambo kama hili, unga uwe kiasi gani, nani apime maji, na mambo yakiharibika nani ajibu. Mkataba ukisainiwa, meli ingoje majibu. Usiposainiwa, ombi litaamuliwa kwa amri ya maganda ya nazi, na meli inaingia Jumatatu.

Na meli ingeingia wapi? Mbele ya kijiji cha Tagbuane, nilikozaliwa, ambako dada yangu mkubwa, Manang Petwang, analima mwani. Kamba mia mbili. Mwaka juzi maji yalipopata joto, nusu ya mwani wake uligeuka mweupe ukakatika vipandevipande kama tambi zilizopitiliza motoni. Mwani huohuo ndio uliomsomesha binti yangu Floramie chuo cha uvuvi miaka minne. Mimi nilichangia ushauri.

"Dong," aliniambia, kama anavyoniita tangu utotoni, siku ya kwanza aliposikia habari za unga, "siupingi. Labda utautibu mwani wangu, nani anajua? Hilo ndilo swali langu. Nani anajua? Nataka ajue kabla, asije kujua baada."

Nikamwahidi. Nilimwambia, "Nang, tangazo la huo utafiti nitalibandika mimi mwenyewe, kwa mkono wangu." Kama vile kulikuwa na mwingine wa kubandika.

Zabuni ya kwanza hakuja mtu. Tulipanga viti kumi na viwili na sinia la pansit, tambi zetu za kukaanga. Saa ikafika, viti vitupu, kamati ikala pansit. Wataalamu wa mambo haya ni wachache, na waliopo wanaogopa kuja mkoani kwa watu wasiojua hata wanataka kuulizwa nini. Mam Hermelinda akaziandika upya hadidu za rejea, akawaandikia barua vyuo vyote vya visiwani, akapiga simu mpaka sauti ikakauka. Tukatangaza mara ya pili. Safari hii, siku ya kufungua, aliingia mwanamke amelowa toka utosini, ametoka kwenye kivuko, bahasha ameifunga kwa plastiki mbili na kuikumbatia kama mtoto mchanga. Alikuwa Dokta Evasco wa chuo cha kisiwa cha jirani. Zilibaki dakika tisa. Mam Hermelinda aliegemea mashine ya kutoa nakala akalia, mashine ikatoa karatasi nane tupu.

Chuo chake kikashinda. Kusaini kukapangwa Ijumaa ileile ya mwisho, saa tisa alasiri. Sote tukapumua.

Jumanne ya wiki hiyo ndipo Atorni Lagumbay akaja na picha.

Mwenyekiti wa kamati ya zabuni, Ser Eutiquio Bantol, aliniita ofisini. Mtu mpole, mnene, anayeongea kama anayeombea chakula. Mam Hermelinda alikuwa amesimama dirishani. Picha ilikuwa mezani.

"Tope," akasema Ser Bantol, "huyu ni nani?"

Nikaangalia. Alikuwa mwanangu Floramie, ana upana wa mita mbili, anatabasamu, amevaa nguo ya njano. Pembeni yake diwani Avenido, ana upana wa mita tatu. Chini, kwa herufi nyekundu: HONGERA, WA NNE KITAIFA, MTIHANI WA LESENI YA UVUVI. Turubai zima lilikuwa limetundikwa ukutani mlangoni. Na chini ya turubai, pale kwenye kiuno cha diwani, ilichungulia pembe moja ya mbao ya ubao wangu wa matangazo, na pini moja.



Mnajua kwetu mtoto akifaulu mtihani wa leseni. Usipotundika turubai, majirani wataanza kuuliza kama kweli alifaulu. Matokeo yalitoka siku ya tatu ya tangazo letu la pili. Wa nne nchi nzima! Binti wa mpiga pini! Diwani akatoa turubai, ndiyo maana uso wake ulikuwa mkubwa kuliko wa aliyefanya mtihani. Getini hapakuwa na nafasi, palijaa turubai za manesi, mainjinia, na polisi mmoja aliyefaulu mara ya tatu. Ukuta uliobaki ni ule. Nilipanda kiti, nikalitundika mwenyewe, nikauona ubao unamezwa, nikajiambia kesho nitalisogeza. Halafu ukoo ukaja kupiga picha, halafu nguruwe akachomwa, na kesho hiyo ilichukua siku sita. Hakuna aliyelalamika. Nani anasoma ubao?

"Atorni anasema tangazo halikuonekana siku saba," akasema Ser Bantol. "Na wewe umesaini kwamba lilionekana."

"Ndiyo, Ser."

"Lilionekana?"

"Siku mbili na nusu, Ser."

Mam Hermelinda akageuka kutoka dirishani. "Tope. Nyamaza kwanza." Akamtazama mwenyekiti. "Picha haina tarehe."

"Haina," akasema Ser Bantol taratibu.

"Kwa hiyo turubai lingeweza kuwa limetundikwa baada ya siku ya saba."

"Lingeweza," akasema Ser Bantol, kwa sauti ileile ya kuombea chakula. "Kama Tope ataapa hivyo. Ijumaa saa nane, mbele ya kamati na mbele ya Atorni. Halafu saa tisa tunasaini mkataba."

"Na nisipoapa?"

"Tunabandika upya. Siku saba."

Hakuna aliyehitaji kuhesabu. Ijumaa ilikuwa siku tatu mbele. Mam Hermelinda alinishika mkono. Mkono wake ulikuwa baridi kama samaki wa barafu. Mwanamke huyu sijawahi kumsikia akisema hata uongo wa kuomba ruhusa ya kwenda kwa daktari wa meno.

"Tope," akasema, "sijawahi kukuomba kitu."

Nikakubali. Tena nilikubali haraka, nikajiona shujaa, mpaka nilipofika kwenye ngazi nikakumbuka picha.

Maana ukoo mzima ulipiga picha mbele ya lile turubai, na ukoo mzima uliziweka mtandaoni siku hiyohiyo, na mtandao huandika tarehe. Nikaanza kupiga simu. Mke wangu alifuta kwa shingo upande. Binamu yangu wa Dammam, Uarabuni, hakupokea mpaka mara ya tano. Binamu wa Toronto alipokea, akalia. "Kuna nini, Tope, mtoto wamemnyang'anya leseni?" Shemeji akataka kujua kama Floramie ana mimba. Mpaka Jumatano jioni nilikuwa nimesema uongo wa aina saba kwa watu thelathini na moja, na kila mmoja alifuta huku akiniahidi kumwombea mtoto. Ser Bantol mwenyewe aliwahi kuandika "Hongera sana" chini ya picha ya mke wangu. Naye akafuta hongera yake, kimyakimya.

Ikabaki picha moja. Ya Manang Petwang.

Alhamisi asubuhi bahari ilikuwa imekupwa, nikamkuta Tagbuane katikati ya mashamba, maji magotini, kofia pana, anafunga upya mwani uliolegea kwenye kamba. Vidole vyake vimepasuka kwa chumvi miaka mingi, lakini fundo lake hulioni linavyofungwa.

"Ofisini leo hakuna pansit?" akauliza bila kuinua kichwa.

"Nang, ile picha yako na Floramie. Ya turubai. Naomba uifute."

"Ile?" Akainua kichwa. "Ile ndiyo picha pekee niliyopiga nimevaa viatu."

"Najua."

"Kwa nini nifute?"

Nilikuwa na uongo wa nane tayari mdomoni. Lakini yule ni dada yangu, aliyenibeba mgongoni. Nikamwambia yote: ubao, hati niliyosaini kabla ya siku, kiapo cha kesho. Yeye akaendelea kufunga. Alifunga mafundo kumi, kumi na tano.

"Kwa hiyo uso wa mtoto wetu ndio umefunika tangazo la kuchunguza bahari yetu," akasema mwishowe.

"Wa diwani zaidi, Nang. Uso wa diwani ni mkubwa zaidi."

Hakucheka. Huwa anacheka kwa utani wangu hata ukiwa mbovu, na huo ulikuwa mbovu, lakini hakucheka.

"Nilikwambia nini, Dong? Nilikwambia nataka mtu ajue kabla. Sasa huyo dokta atakuja kupima, ataandika ukweli wake, na chini kabisa ya ukweli wake kuna karatasi yako. Siku wakiichimbua?"

"Hawataichimbua. Nang, meli inaingia Jumatatu! Unataka nifanye nini? Nikisema kweli, wanamwaga. Nikisema uongo, wanangoja. Nichague nini?"

Akachomoa simu kifuani, imefungwa kwenye mfuko wa plastiki, akanipa. "Mimi macho hayaoni vizuri maandishi madogo. Futa mwenyewe."

Nikafuta. Dada yangu na viatu vyake akaondoka, kidole kimoja tu. Nikamrudishia simu, akaipokea, akaangalia mahali picha ilipokuwa, akairudisha kifuani, akashika kamba nyingine. Nilirudi nchi kavu nikiwa nimelowa mpaka kiunoni, na sikuhisi.

Ijumaa saa nane. Chumba cha kamati, viti vilevile kumi na viwili. Atorni Lagumbay alikuwa mchangamfu kupita kiasi, akagawa peremende za tangawizi. "Nong Tope! Hongera ya binti, nimechelewa kukupa." Mbele yangu karatasi ya kiapo imechapwa tayari: kwamba mimi, Teofisto Cutamora, nilitundika turubai siku ya nane. Kalamu ya buluu juu yake. Mam Hermelinda ameketi. Ndiyo, ameketi, ndipo nilipojua hali ni mbaya.

Nikashika kalamu. Mimi ni mtu wa stashahada tu, sikuwahi kuwa wa kwanza darasani, lakini macho ninayo. Mtu aliyeishi miaka ishirini na mbili akitazama nani kaleta bahasha gani, huwa anaangalia mikono ya watu. Mikono ya Atorni ilikuwa imelala juu ya faili la kahawia, imetulia mno. Na kwenye ukingo wa faili ilichungulia karatasi ya rangi. Kipande kidogo, si kikubwa kuliko stempu. Njano.

Njano ya nguo ya Floramie.

Diwani! Nilimpigia simu dunia nzima, mpaka Toronto, nikamsahau mwenye turubai. Siku ile alikuja mwenyewe kumkabidhi mtoto hilo turubai mbele ya wapiga picha wake, na ukurasa wa mwanasiasa haufuti kitu. Tarehe ilikuwa pale. Atorni alikuwa nayo tangu Jumanne. Kama alitaka tu kutuchelewesha, angeitoa Jumanne. Hakuitoa. Aliniachia siku tatu nijichimbie shimo, na sasa alikuwa anangoja niingie. Nikiapa uongo, hii siyo tena zabuni yenye kasoro ya pini. Ni zabuni ya udanganyifu. Utafiti unafutwa wote, Dokta Evasco na chuo chake wanafungiwa, Mam Hermelinda anaburutwa nami, na hakuna mkoa utakaogusa jambo hilo tena kwa miaka.

Nikaweka kalamu chini.

"Ser Bantol," nikasema, na sauti ilitoka kama ya mtoto anayebalehe, "turubai nililitundika siku ya tatu. Mwenyewe. Hati niliisaini siku ya kwanza, kabla sijaona kitu. Siapi."

Uso wa Atorni ulibadilika kidogo sana, kama mvuvi aliyehisi mshipi umekuwa mwepesi. Halafu akatabasamu.

"Basi tubandike upya," akasema. "Siku saba. Sina haraka mimi." Akaangalia saa ya ukutani.

Mam Hermelinda alisimama akatoka. Nilidhani amekwenda kulia kwenye mashine. Kumbe alikuwa amekwenda kuwasha pikipiki.

"Panda," akaniambia pale nje, kofia iko upande. "Madiwani sita wakisaini kuongeza siku saba, tunaokoka. Tuna saa mbili na nusu."

"Mam, mimi ndiye niliye..."

"Nitakuchukia Jumatatu. Panda."

Madiwani walikuwa wametawanyika kwenye ufunguzi wa ligi za mpira wa kikapu, maana ilikuwa Ijumaa na kila diwani lazima arushe mpira wa kwanza mahali fulani. Wa kwanza tulimkuta kabla hajarusha, akasaini karatasi juu ya mgongo wangu. Wa pili na wa tatu walikuwa uwanja mmoja, wakabishana kwanza nani asaini juu. Wa nne alikuwa saluni, mkono mmoja una rangi ya kucha, akasaini kwa mkono wa kushoto. Wa tano alikuwa msibani; tulipiga magoti, tukasali fungu zima la rozari huku Mam Hermelinda akiuma midomo, kisha akasaini juu ya meza ya jeneza, Mungu atusamehe. Saa kumi na dakika ishirini. Wa sita alikuwa Avenido.

"Nong Tope!" akanikumbatia katikati ya uwanja, wapiga picha wake wakakimbia. "Baba wa wa nne kitaifa! Sema, unataka nini? Si nimekupa turubai?"

Nikamwambia. Aliisoma karatasi mpaka chini. Akaiangalia kalamu. Akasema anaunga mkono kwa moyo wote, ila lazima kwanza ampigie mkubwa wa chama. Mkubwa hakupokea. Akapiga tena. Akarusha mpira, akakosa, watu wakashangilia. Akapiga tena. Mam Hermelinda alikuwa amemshika mkono wa shati sasa, mbele za watu, hakujali.

"Konsehal, saini tu. Nakuomba. Saini tu."

"Mam, ningekuwa peke yangu..."

Kengele za kanisa zikapiga saa kumi na moja. Kwetu zinapigwa na mashine, hazikosei hata dakika. Mam Hermelinda aliachia shati. Majina matano yakabaki kwenye karatasi, na ya sita nafasi tupu.

Tulimpigia Dokta Evasco tukiwa tumekaa ukingoni mwa mtaro. Hakutukana. Tulisikia mawimbi upande wake. "Bandikeni," akasema. "Siku saba zikiisha nasaini, sijakata tamaa. Lakini nitakuta unga umo ndani ya maji. Nitapima nini? Nitalinganisha na nini? Baada bila kabla, hiyo siyo kazi, ni kubahatisha."

Neno lilelile la dada yangu. Nikainamisha kichwa kati ya magoti.

Nilimwambia Floramie nyumbani. Nilitegemea alie. Yeye akauliza, "Meli ni Jumatatu saa ngapi, Tay?" Nikamwambia maji yakijaa, kama saa nne asubuhi. Akachukua simu, akampigia Dokta Evasco asiyemjua, wakaongea kwa maneno nisiyoyaelewa zaidi ya saa nzima. Jumamosi alikwenda chuoni kwake akarudi na makreti ya chupa za kioo, arobaini na nane, na karatasi yenye mistari arobaini na nane. Kila chupa mahali pake, saa yake, maji mpaka shingoni, bila kiputo cha hewa hata kimoja. Na kila mstari saini ya shahidi mtumishi wa serikali, asiye wa kampuni.

"Bila shahidi, Atorni atasema nilijaza bombani," akasema.

Wakati huohuo Tagbuane yote ilikuwa inavuna. Mwani wa siku ishirini na tano, ambao ungetakiwa ukae siku arobaini na tano. Hakuna anayevuna mwani mchanga. Ukikauka unabaki kama nyuzi za katani. Lakini Manang Petwang alisema, "Huu ninaujua. Wa baada ya Jumatatu siujui." Akakata kamba zake mia mbili, na wengine wakamfuata, wanawake wanakata huku hawasemezani. Mikeka ikaisha. Jumapili nikabeba lile turubai nikalitandaza mchangani, na mwani mchanga ukamwagwa juu ya uso wa diwani, kisha juu ya mwanangu, mpaka likabaki neno HONGERA peke yake.

Manang akaliangalia. "Angalau sasa limefaa," akasema. Ndilo neno la kwanza aliloniambia tangu Alhamisi.

Jumatatu alfajiri tulianza. Floramie alikuwa ameshapanga chupa kwenye mtumbwi. Akanipa ile karatasi na kalamu. "Tay, saini zote sasa ukiwa nchi kavu, mikono ikilowa huwezi kuandika. Mimi nitajaza."

Akili yake safi. Na mkono wangu, miaka ishirini na mbili, ulikuwa umeshaifungua kalamu wenyewe.

Nikaifunga. Nikaichomeka nyuma ya sikio.

"Ya kwanza inajazwa wapi?"

"Kule, kigingi cha mwisho. Tay, maji ni baridi, na wewe na presha yako..."

"Twende kigingi cha mwisho."

Niliziona zote. Chupa inazama, inajaa, viputo vinatoka, inafungwa, naangalia saa, nasaini. Karatasi nimeishika juu ya kichwa kama mtu anayevuka mto na nguo zake. Manang Petwang aliushika mtumbwi usituyumbie. Mam Hermelinda alifika saa moja na nusu na viatu vyake vya ofisini, akaingia majini navyo, akawa anasoma namba. Alikuwa ameahidi kunichukia Jumatatu. Hakuniangalia, lakini alisoma namba.

Saa tatu na robo dada yangu akasema, "Ile pale."

Mdomoni mwa ghuba, meli ya rangi ya kijivu, nene, na kitu cheupe kinachopepea nyuma yake kama vumbi la mashine ya kusaga. Iliwahi. Haikungoja hata maji yajae.

Zilikuwa zimebaki chupa tisa, na tano kati ya hizo zilikuwa za upande ule, ng'ambo ya mashamba, kwenye kina.

"Tay, hizi nitachukua mimi haraka kwa kuogelea, wewe saini tu! Tay, tafadhali! Hatuwahi!"

Nikaiangalia meli. Nikaangalia mistari tisa mitupu. Floramie alikuwa ananililia sasa, chupa mkononi, na ule weupe ulikuwa unaongezeka.

"Nang," nikasema, "usukume mtumbwi."

Akausukuma. Nikashika ukingo kwa mkono mmoja, karatasi juu kwa mwingine, maji yakapita kifua, yakafika kidevuni, tukaelekea kulekule inakotokea meli, ili nione.